Majina ya Mitaa ya Dar es Salaam

Mwenye kutaka kujua jinsi mji wa Dar es Salaam ulivyogawanywa aweza kuanza na ramani za serikali. Lakini majina ya mitaa yenyewe, yakipimwa kwa sarufi, yasema mambo ambayo wachora ramani hawakuyaandika. Mji huu si mkongwe kama Kilwa au Lamu. Sultani Majid bin Said alianza kuujenga katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 na kazi haijakwisha. Wajerumani waliingia mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo.

Mgawanyo uliodumu zaidi ni ule wa Waingereza. Mwaka 1924 mji ulikatwa sehemu tatu, na kanuni ziliandikwa kwa uangalifu: hazikutaja rangi za watu, bali namna za majengo. Wakazi hawakudanganyika. Sehemu hizo wao waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila mtu alijua ni nani aliyekusudiwa.

Majina haya matatu yastahili kutazamwa zaidi ya yanavyotazamwa kwa kawaida. Kama makusudi yalikuwa kutaja wakaao tu, lugha ilikuwa na njia nyepesi: "kwa Wazungu", "kwa Wahindi". Badala yake wasemaji walitumia kiambishi u-, ambacho hutaja nchi, kama Uzaramo na Unyamwezi, na pia hutaja hali na tabia, kama utu na ungwana. Kisha wakaongeza -ni ya mahali. Uzunguni, basi, ni mahali pa uzungu, yaani pa namna fulani ya kuishi: nyumba moja katikati ya bustani, barabara pana, upepo wa bahari. Ndiyo maana jina halikufa baada ya Uhuru wa 1961. Wenye nyumba za Oyster Bay walibadilika, wakaingia wakubwa wa serikali mpya, na watu wakaendelea kusema Uzunguni bila kuona kosa lolote. Uswahilini nako kumefuata mkondo huo huo, ila kwa hasara: neno lililokuwa na maana ya makazi ya Waswahili limekuwa neno la kutaja msongamano, uchochoro na nyumba zisizopimwa, na aghalabu hutamkwa kwa dharau na watu waliozaliwa huko huko.

Kati ya Uhindini na Uswahilini paliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Ng'ambo yake ni Kariakoo. Jina hili latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa Septemba 1916. Katika vita hivyo wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Umbo la jina laonyesha kwamba lilipokewa kwa sikio, wala si kwa maandishi: p na s zilizoandikwa lakini zisizotamkwa hazimo kabisa. Nairobi nako kuna mtaa wenye asili hiyo hiyo, ila huko huandikwa Kariokor, kwa r ya mwisho. Tena jina hili halikubali -ni. Hakuna asemaye "Kariakooni". Barabara zake zilizonyooka zina majina kama Nyamwezi, Kongo na Swahili, na kandokando yake zilijengwa zile nyumba za Kiswahili zenye ukumbi wa kati na vyumba pande mbili, ambazo kila chumba chake chaweza kupangishwa kwa mtu mbali. Mji wa wapangaji ulianzia humo.

Majina ya miti ni mengi: Mikocheni kwenye mikoche, Mchikichini kwenye mchikichi. Hapa hapana budi kujihadhari na hadithi. Husimuliwa kwamba Msasani latokana na mtu aitwaye Musa Hassani. Masimulizi ni mazuri, lakini msasa ni mti unaojulikana, ambao majani yake hutumiwa kulainishia mbao, na msasa pamoja na -ni hutoa jina zima bila kupunguza wala kuongeza herufi. Jina lenye njia fupi hivyo halihitaji mtu wa kulizaa.

Mwaka 1957 mji ulikuwa na watu zaidi ya 128,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Magomeni, Temeke na Kinondoni zilipangwa na serikali katika miaka ya 1950, Sinza na Kijitonyama katika miaka ya 1970. Lakini sehemu kubwa ya mji ilijijenga yenyewe, na majina ikajipa yenyewe. Humo ndimo yalimozagaa majina ya "kwa": Kwa Mtogole, Kwa Aziz Ali. Ile njia nyepesi iliyoachwa wakati wa kutaja Uzunguni, hapa ndiyo iliyotumika, kwa kuwa anayetajwa ni jirani.

Limebaki neno mtaa lenyewe. Katika Kariakoo mtaa ni barabara: Mtaa wa Kongo. Katika sheria ya mamlaka za miji ya 1982 mtaa ni sehemu ya kata, yenye mwenyekiti wake. Mkazi wa Manzese kwa muda mrefu alikuwa na mtaa kwa maana ya pili bila kuwa nao kwa maana ya kwanza, kwani kichochoro kipitacho mlangoni pake hakikuwa na jina katika daftari lolote. Mwaka 2022, kabla ya sensa, serikali ilifanya kazi ya anwani za makazi, na vichochoro vingi vikapewa majina na nyumba zikapewa namba. Hata hivyo, mkazi huyo akitakiwa kuthibitisha makazi yake, mara nyingi huombwa barua ya mwenyekiti wa mtaa.