Matende

Neno "matende" hutaja mwisho wa ugonjwa. Mguu umeshavimba, ngozi imekuwa ngumu, ndipo jina linapotolewa. Lakini mkulima wa mpunga wa Makwale, wilayani Kyela, Tanzania, anaweza kukaa miaka na minyoo ya Wuchereria bancrofti katika mishipa yake ya limfu bila uvimbe wowote. Kinachowafichua ni protini ambazo minyoo waliokomaa huziachia kwenye damu: tone moja la kidole juu ya utepe wa kupimia, na baada ya dakika 10 mstari hujitokeza. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, Mbeya, na wenzao wa Munich, Ujerumani, waliwafuatilia watu wa Kyela kati ya 2006 na 2011. Matokeo, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha kuwa wenye minyoo hao walipata VVU kwa kasi ya takriban mara mbili ya wasio nao.

Wapo watakaosema neno limezoeleka, na kampeni za dawa hueleweka kwalo. Ni kweli, wala sitaki lifutwe. Ila anayeambiwa ameze ivermectin na albendazole kuzuia matende, akautazama mguu wake mzima, ana sababu ya kujiona hahusiki. Kumbe huenda anahusika. Proteomiki, elimu ya kuchambua protini za kiumbe zote kwa pamoja, imeonyesha kwamba Brugia malayi, jamaa wa mnyoo huyu, hutoa protini tofauti kwa kila hatua ya maisha yake, nyingine zikituliza kinga ya mwili. Madhara hutangulia uvimbe. Aliye na minyoo tuseme ana maambukizi ya matende. Aliyevimba, ana matende.