Duara Linalotembea: Jiwe la Farao, Manowari Kongwe na Sisi wa Pantoni

Kila anayevuka kwa pantoni kati ya Magogoni na Kigamboni anaijua ile dakika. Abiria wamejaa, bodaboda zimebanana, mama wa samaki kashatua tenga lake chini, lakini pantoni haling'oki. Kuna meli inaingia bandarini. Basi watu wanasonya, wengine wanatoa simu na kupiga picha, na meli inapita mbele yetu kama ghorofa lililoamua kuhama, tagi moja huku, nyingine kule. Siku moja nilimlalamikia mzee aliyesimama karibu yangu: meli ni moja, sisi ni mamia, kwa nini tusubiri sisi? Akanijibu bila hata kunigeukia, "Mwanangu, hilo haliwezi kukukwepa hata likitaka."

Jibu lile limenikaa kichwani. Na kama meli yenye injini na usukani wake haiwezi kukukwepa, vipi kuhusu kitu kisicho na injini kabisa? Nazungumzia madubwana yanayokokotwa: mitambo ya mafuta, manowari zilizostaafu, mabaki ya meli zilizopinduka. Siku hizi kitu kama hicho kikipitishwa kwenye njia ya meli, mamlaka huchora duara la kukizunguka na kupiga marufuku chombo kingine chochote kuingia ndani yake bila ruhusa. Duara hilo huitwa eneo la usalama la muda. Linatembea na mzigo wake, na mzigo ukifika, linafutika. Halionekani kwa macho. Lakini lina historia, na historia hiyo ina watu waliokufa maji.

Tuanze na jiwe. Mwaka 1819 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, aliwapa Waingereza zawadi: mnara wa jiwe moja wa enzi za Farao Thutmose III, wenye urefu wa mita 21 na uzito wa zaidi ya tani 180, uliokuwa umelala mchangani Alexandria. Zawadi ilipokelewa kwa shukrani, lakini nauli nani alipe? Jiwe likabaki palepale karibu miaka 60, hadi daktari mmoja mwenye uwezo, Erasmus Wilson, alipojitolea pauni 10,000. Mhandisi John Dixon akalibuni chombo cha ajabu: pipa refu la chuma, karibu mita 28, jiwe likiwa tumboni. Pipa likapewa usukani, mlingoti, kibanda cha mabaharia juu yake, na jina: Cleopatra.

Septemba 1877 Cleopatra iliondoka Alexandria ikikokotwa na meli ya mvuke iliyoitwa Olga. Nahodha Carter na mabaharia wachache walikuwa juu ya pipa lenyewe. Walipita Bahari ya Mediterania, wakatoka Gibraltar, na tarehe 14 Oktoba wakakutana na dhoruba katika Ghuba ya Biscay. Pipa lilianza kuyumba vibaya. Vyuma vilivyowekwa chini ili kulipa uthabiti vikahama, likalala upande. Wa Olga wakaona kwamba kamba ile ile inayowaunganisha inaweza kuwamaliza wote, wakaachana nayo.

Lakini kule kwenye pipa kulikuwa na watu. Mabaharia sita wa Olga wakajitolea kushuka kwenye mashua ndogo kwenda kuwachukua wenzao. Bahari ikaizidi mashua, na wote sita wakafa maji. Baadaye Olga yenyewe ikafanikiwa kusogea na kumwokoa Carter na watu wake. Ikarudi kuwatafuta wale sita, haikuwaona. Na pipa nalo likapotea gizani. Habari zikafika London kwamba jiwe la Farao limezama.

Halikuzama. Lilibaki linaelea, bila mtu, bila taa, katika maji ambayo meli zilipita usiku na mchana. Meli iliyoitwa Fitzmaurice ndiyo iliyolikuta, ikalivuta hadi Ferrol, Hispania, na wenyewe wakadai malipo ya uokozi. Januari 1878 tagi iliyoitwa Anglia ikalifikisha Mto Thames. Mwaka huohuo likasimamishwa kando ya mto, na lipo hadi leo. Watalii wanalijua kwa jina la Sindano ya Cleopatra. Chini yake kuna kibao chenye majina sita: William Askin, Michael Burns, James Gardiner, William Donald, Joseph Benton na William Patan.

Sasa, tusidanganyane. Hakuna duara lolote la kisheria ambalo lingewaokoa wale sita. Walikuwa watu wa msafara wenyewe, na dhoruba haisomi sheria. Lakini kisa chao kinaonyesha mambo mawili ambayo ndiyo mzizi wa habari hii yote. La kwanza: kitu kinachokokotwa huwa hatari zaidi kwa aliye mdogo anayekisogelea, hata kama anakisogelea kwa nia njema. La pili: kamba ikiachia, kitu hicho kinageuka mwamba usio na mahali, na atakayeugonga ni mtu asiyekuwa na habari.

Sheria ilichukua muda kulifikia hilo. Mitambo ya mafuta ilipoanza kusimikwa baharini, dunia ilikubaliana kwanza kuhusu ile iliyosimama. Mkataba wa Geneva wa 1958 uliruhusu nchi kuweka eneo la usalama la hadi mita 500 kuuzunguka mtambo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliosainiwa Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982, ukabaki na kipimo hichohicho. Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Lakini ukisoma vizuri utaona mita 500 hizo ni za mtambo ulioko mahali pake. Ukiwa bado njiani, unavutwa kwa kamba kutoka karakana hadi kituo chake, inabidi utafute sheria nyingine.

Sheria nyingine ya kwanza ni kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972. Hizo zinahusu alama. Tagi inayokokota mzigo, ukipima toka nyuma ya tagi hadi mwisho wa mzigo ukapata zaidi ya mita 200, lazima mchana itundike umbo jeusi la almasi, na mzigo nao uwe na lake. Usiku tagi inawasha taa tatu nyeupe zilizopangana wima, na nyuma taa ya njano juu ya ile nyeupe. Maana yake: mimi na kile kilicho nyuma yangu ni kitu kimoja, usipite katikati.

Msisitizo uko hapo kwenye katikati. Kamba ya kukokotea huwa ndefu na nzito, haikazi kama kamba ya kuanikia nguo. Inazama chini ya maji kisha inaibuka. Mwenye boti ndogo anaona tagi kule, anaona mzigo kule nyuma, anaona maji matupu kati yake, anasema ngoja nikatize. Kamba ikikaza ghafla, inaibuka chini yake. Na hata ikimkosa, mzigo unakuja, na hauna breki.

Sheria ya pili ni za nchi zenyewe. Marekani ni mfano mzuri kwa sababu wao huandika kila kitu. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa Walinzi wa Pwani mamlaka juu ya usalama wa bandari na njia za maji, na kanuni zao zinasema eneo la usalama linaweza kuwa na mipaka isiyohama, au linaweza kukizunguka chombo kilicho kwenye mwendo. Hapo ndipo duara lilipopata miguu. Mkuu wa eneo la bandari hutoa amri yenye saa ya kuanza, saa ya kwisha, umbali, na namna ya kuomba ruhusa kwa redio. Amri huchapishwa kwenye gazeti la serikali. Aghalabu wananchi hawaulizwi maoni, kwa hoja kwamba muda hautoshi: mzigo uko tayari, hali ya hewa ni nzuri leo, kesho haijulikani.

Chukua manowari Texas. Iliingia kazini mwaka 1914, ikapita vita vyote viwili vya dunia, ikashambulia Normandy mwaka 1944, na tangu 1948 ikawa makumbusho huko San Jacinto, karibu na Houston. Chuma kikaliwa na chumvi. Ikawa inavuja kiasi kwamba pampu hazipumziki. Ili ipelekwe kwenye matengenezo Galveston, ilibidi ikokotwe kupitia njia ya meli ya Houston, mojawapo ya njia zenye shughuli nyingi Marekani. Ndani ya Ghuba ya Galveston njia hiyo kwa miaka mingi ilikuwa na upana wa takriban mita 160 tu. Meli mbili kubwa zikipishana humo, maji yaliyobanwa kati yao huzisukuma na kuzivuta, na marubani wanalazimika kuzielekeza uso kwa uso kwanza, kisha kila moja ikwepe upande wake dakika za mwisho. Sasa weka humo babu wa miaka mia asiye na injini inayofanya kazi, mwenye mbavu zilizotoboka na povu la kuziba matobo lililopuliziwa tumboni.

Tarehe 31 Agosti 2022, alfajiri, tagi zikaichomoa. Watu walijipanga ufukweni kuitazama, na boti za starehe zilitakiwa kukaa mbali. Siku hiyohiyo ikaingia Galveston salama. Hakuna kilichotokea, na kwa hiyo dunia imeshasahau. Ndivyo kazi ya duara ilivyo: likifanikiwa, hakuna habari ya kuandika. Nasema hivi kama mwandishi wa habari, na najua hakuna mhariri angenipa ukurasa kwa kichwa "Hakuna Aliyegongwa".

Wakati mwingine duara hubeba uzito mwingine. Julai 2014 mabaki ya meli ya abiria Costa Concordia, iliyopinduka kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012 na kuua watu 32, yalikokotwa hadi Genoa. Safari ilianza tarehe 23 na kuisha tarehe 27, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Vyombo vingine vilizuiwa kusogea. Mwili wa mhudumu mmoja wa meli ulikuwa bado haujapatikana. Ulipatikana miezi michache baadaye, ndani ya mabaki hayohayo, Genoa. Kwa siku zile nne, bila mtu kujua kwa hakika, duara lile lilikuwa msafara wa mazishi.

Nirudi nyumbani. Novemba 2021 mtambo wa gesi uitwao Coral Sul uliondoka Geoje, Korea Kusini. Una urefu wa mita 432 na upana wa mita 66, na kazi yake ni kugandisha gesi iwe kimiminika hukohuko baharini. Tagi ziliuvuta kuvuka Bahari ya Hindi, na Januari 2022 ukafika Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kusini kidogo ya mpaka wetu wa Ruvuma. Pwani ile watu wanasema Kimwani na Kimakonde, na Kiswahili kinaeleweka. Wanavua kwa mitumbwi na mashua za tanga.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Tangazo kwa mabaharia hutolewa kwa Kiingereza, pengine na Kireno, na husomwa kwenye redio ambayo mwenye mtumbwi hana. Kwenye karatasi duara ni kamili. Kwenye maji, yule ambaye duara limechorwa kwa ajili yake ndiye wa mwisho kuambiwa, kama akiambiwa. Na akikutwa ndani, ataitwa mvamizi.

Tuna desturi ya kuliona eneo la usalama kama ulinzi wa mali ya wakubwa. Sehemu ni kweli, bima zipo na mabilioni yapo. Lakini mtambo wa mita 432 hauogopi mtumbwi. Mwenye mtumbwi ndiye mwenye cha kupoteza. Kwa hiyo kumwambia mapema, kwa lugha yake, kupitia kikundi cha usimamizi wa fukwe, redio ya jamii au kipaza sauti cha mnadani, siyo hisani. Ni nusu ya duara lenyewe. Na kumfundisha zile almasi nyeusi na zile taa tatu nyeupe ni kazi ya asubuhi moja tu, wala haihitaji Kiingereza.

Juzi nilivuka tena kwenda Kigamboni. Meli ikaingia, pantoni likasubiri. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwa nini hatuondoki. Mama akamnyanyua aone vizuri, akamwonyesha tagi, akamwonyesha meli, akamwambia, "Unaona? Wale wamefungwa kamba. Tunasubiri wapite wote."