Hewa ya Kale Ndani ya Kuta za Amu

Katika vichochoro vya mji wa Amu, yaani mji wa Lamu, ambako mtu na punda hupishana kwa kubanana, zimo kuta nyingi ambazo lipu yake imebanduka. Jiwe lililo ndani halifichi asili yake. Lina vitundu vidogo mithili ya nyota, vilivyopangika safu kwa safu: ni mifupa ya matumbawe. Nyumba nyingi za mawe zilizosalia mjini humo zilijengwa karne ya 18, lakini mwamba wa matumbawe ulioko pwani hii ulikua baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo.

Jiwe hilo limebeba hewa. Haimo kama mapovu, bali imefungika kikemia: katika kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 ni hewa ukaa. Anayetaka kujua angahewa ya kwanza ya dunia ilikwenda wapi, sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya mawe ya namna hii.

Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5. Ilipokuwa changa, volkano zilitema mvuke wa maji, hewa ukaa na naitrojeni. Oksijeni ya kuvuta haikuwapo. Mvuke ulipopoa, mvua zikanyesha na bahari zikajaa. Na bahari ndiyo iliyotuokoa. Sayari ya Zuhura, jirani yetu, haina bahari. Hewa ukaa yake ingali juu, asilimia 96 ya angahewa yote, na joto la ardhini huko hufikia nyuzi 460 za Selsiasi. Hewa ukaa ya dunia nayo iliteremka pamoja na mvua, ikaingia majini, ikaishia kuwa mwamba.

Kazi hiyo haijakoma, na Mto Tana ni mmoja wa vibarua wake. Maji ya mvua hubeba hewa ukaa kidogo, yakawa asidi dhaifu inayokula miamba ya volkano ya Mlima Kenya na Nyandarua. Kalisi inayotoka humo husafiri na mto hadi Kipini, kusini mwa visiwa vya Lamu. Baharini, matumbawe na chaza huichukua na kujijengea magamba na mifupa.

Oksijeni ilikuja kwa njia nyingine. Bakteria wa majini walijifunza kutumia mwanga wa jua, wakaitoa kama taka. Kwanza ilimalizwa na chuma kilichoyeyuka baharini, kikageuka kutu. Kisha, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, ikaanza kubaki angani. Mimea ya nchi kavu iliiongeza mno. Miaka milioni 300 iliyopita huenda ilifikia asilimia 30, dhidi ya 21 ya leo, na kulikuwa na wadudu wa jamii ya kereng'ende wenye mabawa ya karibu sentimita 70 toka ncha hadi ncha. Miti ya vinamasi vya zama hizo ilizama topeni kabla ya kuoza. Ndiyo sehemu kubwa ya makaa ya mawe yanayochimbwa sasa.

Mafundi wa chokaa wa pwani wamekuwa wakiigeuza safari ya hewa ukaa bila maabara yoyote. Magogo hupangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, kisha moto. Joto likikaribia nyuzi 900, jiwe huachia hewa ukaa yake, likabaki jepesi na jeupe. Ukilimwagia maji linatokota na kupasukapasuka. Chokaa ikishapigwa ukutani huanza kunyonya hewa ukaa kutoka angani, polepole kwa miaka, hadi inakuwa jiwe tena. Kwa hiyo lipu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za Amu imeundwa kwa hewa ya karne ya 18, siku ambazo hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni. Leo imepita 420.

Moshi wa magogo ni deni jingine, na wa kulilipa ni miti inayoota upya. Hapo Lamu ina utajiri: zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii. Tope la chini ya mizizi yake halina oksijeni, hivyo majani na mizizi iliyokufa huoza kwa shida na kaboni yake hukaa humo kwa karne nyingi, kama ilivyokuwa katika vinamasi vya kale.

Katika kaunti hiyohiyo, huko Kwasasi, ulipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Ungerudisha angani, kwa miongo michache, kaboni iliyochukua mamilioni ya miaka kuzikwa. Wakazi walikwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo likafuta leseni, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na kila atakayeleta mpango mwingine wa umeme Lamu anapaswa kuusoma kwanza.