Shoka Liliponyamaza, Ndege Naye Akanyamaza

Ukipenda ushairi wa Kiingereza, unamjua naitingeli hata kama hujawahi kumwona. Ndiye ndege wa shairi maarufu la John Keats la mwaka 1819. Mei 1924, BBC ilirusha moja kwa moja sauti iliyotangazwa kuwa yake kutoka bustani moja ya Surrey, huku Beatrice Harrison akipiga selo. Ni rahisi kudhani huyu ni ndege wa pori lisiloguswa na mtu. Kumbe la! Kwa karne nyingi, makazi yake mengi kule Uingereza yalitengenezwa na watu wenye mashoka.

Hebu twende Bradfield Woods, Suffolk. Zamani msitu huu ulikuwa mali ya watawa wa Bury St Edmunds, na historia ya kuvunwa kwake inarudi nyuma hadi mwaka 1252. Mti ulikatwa karibu na ardhi, kisiki kikaachwa. Kwa kuwa mizizi ilikuwa hai, kisiki kilitoa machipukizi mengi yaliyonyooka, na baada ya miaka kadhaa yakakatwa tena. Hapo watu walipata kuni, fito za kujengea kuta, nyuzio na mipini ya reki. Msitu uligawanywa vitalu: mwaka huu wanakata hiki, mwakani kile. Vipo visiki vya mti wa eshi vinavyokadiriwa kufikisha karibu miaka 1000, na bado vinachipua.

Sasa tuje kwa ndege. Kitalu kikikatwa, jua linafika chini, maua na nyasi vinaota, na ndege wapendao uwazi wanaingia. Kuanzia kama mwaka wa tatu machipukizi yanafungana na kuwa kichaka kizito. Hapo ndipo naitingeli anapopataka: anajenga tago karibu na ardhi, anatafuta wadudu chini, na kichaka kinamficha. Ikipita miaka kama kumi, matawi ya juu yanaziba mwanga, chini panakuwa peupe, naye anahama. Kwa kuwa vitalu havilingani umri, kila mwaka palikuwa na kichaka kinachomfaa mahali fulani. Utofauti wa ndege ulitokana na mzunguko wenyewe.

Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Uingereza, wajenzi walikuwepo, kisha wakaondoka. Reli ilileta makaa ya mawe hadi vijijini, kuni zikakosa soko. Bidhaa za viwandani zikachukua nafasi ya fito. Katika karne ya 20 misitu mingi ya aina hii iliachwa izeeke, mingine ikapandwa misonobari, mingine ikafyekwa kupisha mashamba. Hata sehemu kubwa ya Bradfield ilifyekwa miaka ya 1960, kabla watu, akiwemo mwanahistoria wa misitu Oliver Rackham, hawajapigania iliyobaki. Tangu mwishoni mwa miaka hiyo, naitingeli wa Uingereza wamepungua kwa takriban asilimia 90.

Tusimtwishe shoka sifa zote, wala ukimya wake lawama zote. Naitingeli hukaa Afrika Magharibi wakati wa baridi ya Ulaya, na mabadiliko ya huko nayo yanamgusa. Kulungu pia wameongezeka, wakiwemo wadogo wenye asili ya China, nao wanatafuna machipukizi kabla kichaka hakijafunga. Watafiti walipozungushia uzio baadhi ya vitalu hapo Bradfield, naitingeli walionekana zaidi ndani ya uzio. Halafu wapo ndege wengine, kama vigong'ota, wanaohitaji miti mizee na iliyooza. Ukikata kila mahali, hao unawafukuza.

Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki asichukue habari hii kama ruhusa ya kuingia na panga Amani au Arabuko-Sokoke. Ndege wengi wa huko wanategemea msitu uliokomaa. Bradfield inatufundisha jambo jingine: kabla hujaamua msitu uachwe au ukatwe, uliza umeishi vipi na watu, na nani alikuwa akiishi katika nafasi walizoziacha. Kule Suffolk bado wanakata, kitalu kwa kitalu, ila siku hizi wanakata pia kwa ajili ya ndege.