Maarifa ya jamii: kutoka Virginia hadi Kabete

Huku Virginia tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila baridi ndiyo hiyo imeanza kutubana. Kuna wapwa zangu wanaosomea ualimu huko nyumbani wamekuwa wakiuliza: walimu wa sekondari wa huku Marekani wanaandaliwaje, hasa wa maarifa ya jamii? Leo nawapa historia yake, maana imepita hadi kwetu.

Sisi sekondari tulisoma Historia, Jiografia na Uraia, kila somo kivyake. Huku hayo yote, pamoja na uchumi, yako kapu moja. Kapu hilo lilipata umbo mwaka 1916, kamati ya kitaifa ilipotoa ripoti kuhusu somo hilo. Mwenyekiti wake alikuwa Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales. Ripoti ilikuwa na mema yake: ilitaka mwanafunzi aanze na matatizo ya mtaa wake, asikariri tu vita na majina ya wakubwa.

Lakini Jones aliyajaribu mawazo yake wapi kwanza? Hapa hapa Virginia, katika chuo cha Hampton, kilichofunguliwa mwaka 1868 kwa ajili ya Weusi waliotoka utumwani. Kazi kubwa ya chuo ilikuwa kuandaa walimu. Jones aliwafundisha vijana wale kwamba watu wao bado wako nyuma, kwa hiyo wawe na subira, wajifunze kazi na usafi, mengine yatakuja polepole. Na kumbukeni, katiba ya Virginia ya 1902 ilikuwa imewanyang'anya Weusi wengi haki ya kupiga kura. Yaani kijana anaandaliwa akafundishe uraia, na mwenyewe kura hana!

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1924 Jones huyo huyo aliongoza tume ya Phelps-Stokes iliyofika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kukagua elimu. Alifuatana na Dakta Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes pale Kabete, Kenya, kuwafunda walimu wa kutembelea shule za vijijini: kilimo, afya, ufundi. Jina lilitokana na Anna Jeanes, mama tajiri wa Philadelphia, ambaye fedha zake zililipa walimu Weusi wa kusini mwa Marekani. Mwalimu wa kwanza wa mpango ule, Virginia Randolph, alianza mwaka 1908 katika wilaya ya Henrico, hapa hapa Virginia.

Siyo kwamba bustani na vyoo ni vitu vibaya, la hasha. Ila wakoloni waliipenda elimu hii kwa sababu haikuwa na haraka ya kutoa mawakili na wanasiasa. Weusi wa huku waliliona mapema. W.E.B. Du Bois alimshambulia Jones kwa maandishi mwaka 1918. Naye Carter Woodson, mzaliwa wa Virginia, mtoto wa waliokuwa watumwa, mwalimu aliyepata udaktari Harvard mwaka 1912, alisema mwalimu aliyefundishwa kuwadharau watu wake ataipanda dharau hiyo kwa watoto. Mwaka 1926 alianzisha wiki ya historia ya Weusi, na mwaka 1937 jarida la kuwasaidia walimu.

Na leo? Kwa kawaida kijana husoma chuo miaka minne, akifundisha kwa muhula mzima chini ya mwalimu mzoefu, kisha hutafuta leseni ya jimbo. Vita vyenyewe havijaisha. Sheria ya 2002 ilikazia mitihani ya kusoma na hesabu, somo la jamii likapunguziwa vipindi katika shule nyingi za msingi. Tangu 2021 majimbo kadhaa yamepitisha sheria za kubana jinsi habari za ubaguzi zinavyofundishwa. Mwalimu mpya anaingia darasani akijiuliza aseme nini, anyamaze nini.

Walimu wetu huko nyumbani, mkifika kwenye elimu ya mkoloni, msiishie kwa wamisionari. Watajeni na Jones na Hampton yake. Na kama kwenu kuna mzee ambaye baba yake alipita Kabete, kaeni naye mwandike anayoyakumbuka, kabla hayajapotea.