USHAHIDI JUU YA NAFSI ZETU: YALIYOPITA NACHINGWEA MWAKA 1975



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na masahaba zake wote.

Ndugu yangu msomaji, leo siandiki juu ya udhu wala mirathi. Baada ya darsa la Alasiri kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, hawa watu wa haki za binadamu, wanaozunguka kuuliza nani kapigwa, nani kapotea, kisha wanaandika ripoti, si mambo ya Wazungu haya?" Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu watu walikuwa wanasubiri kutoka. Jibu refu ndilo hili. Ni refu kweli, lakini nakuomba ulisome mpaka mwisho, kwa sababu sehemu yake kubwa ilitokea hapa hapa kwetu.

Tuanze Makka, kabla ya Utume. Mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, Yemen, alimuuzia bidhaa Al-Aas bin Waail, mkubwa katika wakubwa wa Makureshi. Al-Aas akachukua mali na akakataa kulipa. Mgeni yule akazunguka kuomba msaada, watu wakamwogopa mkubwa wao. Akapanda mlima Abu Qubays akapaza sauti kueleza dhulma aliyofanyiwa, watu wakiwa wamekaa karibu na Al-Kaaba. Hapo Zubayr bin Abdul-Muttalib, ammi yake Mtume, akasimama. Wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan wakaapa kwamba atakayedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, watakuwa pamoja naye mpaka apate haki yake. Wakaenda kwa Al-Aas, mali ikarudi. Huo ndio Hilful Fudhuul. Mtume wetu alikuwepo akiwa kijana, na baada ya kupewa Utume alisema kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwenye mkataba kama ule angeitikia.

Umeona? Waliosimama pale walikuwa bado hawajasilimu. Aliyetetewa alikuwa mgeni. Aliyeshitakiwa alikuwa mtu wao. Likamate hilo la mwisho, maana ndilo somo letu la leo.

Sasa turudi nyumbani.

Sisi wa Chunyu, Ruangwa yote na Nachingwea tunajivunia jambo moja, na tuna haki ya kujivunia. Waingereza walipoleta mpango wa karanga mwaka 1947 walifyeka mapori, wakatengeneza uwanja wa ndege na kuvuta reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukafungwa kwa hasara. Baadaye, katika miaka ya 1960, Nachingwea ikapata kazi nyingine. FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kilipewa kambi kubwa ya mafunzo pale kwenye eneo tunaloliita Farm 17. Samora Machel aliwafundisha wapiganaji wake pale. Wazee wetu waliwaita Wafrelimo. Wengi walikuwa ndugu zetu hasa, Wamakonde, Wayao na Wamakua wa ng'ambo ya Ruvuma. Tanzania nzima ilijinyima kwa ajili yao, na kusini tulikuwa karibu zaidi na risasi kuliko wengine.

Na Mreno alikuwa dhalimu, hilo halina ubishi. Tarehe 16 Desemba 1972 askari wake waliingia Wiriyamu na vijiji vya jirani, katika jimbo la Tete, wakaua karibu watu 400, wanawake na watoto wakiwemo. Dunia ilijuaje? Mapadri waliokuwa kule, pamoja na wenyeji, walikusanya habari kwa walionusurika. Wakaandika majina, jina moja moja. Orodha ikavushwa nje kwa siri, na tarehe 10 Julai 1973 gazeti la The Times la London likachapa habari hiyo kupitia kwa padri Adrian Hastings. Serikali ya Ureno ikakanusha, ikasema hata kijiji chenye jina hilo hakipo kwenye ramani. Lakini majina yalikuwepo, na huwezi kuyaambia majina ya watu kwamba hayapo.

Ripoti ile ililitikisa jina la Ureno duniani, na sisi tuliokuwa upande wa ukombozi tuliipokea kwa mikono miwili. Wakati ule hakuna aliyesema kufuatilia haki za binadamu ni mambo ya Wazungu.

Ndugu yangu, sasa vuta pumzi.

Tarehe 25 Aprili 1974 serikali ya Ureno ilipinduliwa, na tarehe 7 Septemba mwaka ule mkataba wa Lusaka ukaikabidhi FRELIMO njia ya kwenda madarakani. Kulikuwa na Wasumbiji wengine waliotaka siasa za vyama vingi. Mmoja wao alikuwa mchungaji Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO wakati wa Eduardo Mondlane, kisha akatolewa katika chama baada ya mgogoro wa mwaka 1969. Walikuwepo pia Paulo Gumane, Joana Simeão, Adelino Gwambe, padri Mateus Gwenjere na Lazaro Nkavandame. Simango alikamatwa Malawi akakabidhiwa kwa FRELIMO.

Akaletwa wapi? Akaletwa Nachingwea.

Tarehe 12 Mei 1975, siku chache kabla Samora hajaanza safari yake ya ushindi kutoka Ruvuma mpaka Maputo, Simango alisimamishwa mbele ya hadhara katika kambi ile. Akasomeshwa maungamo yake yenye kurasa 20, akijilaumu na kuomba aelimishwe upya. Hakukuwa na wakili wala hakimu, wala shahidi wa kuhojiwa. Sauti yake ilirekodiwa, na hadi leo inasikika.

Baada ya hapo yeye na wenzake wakapelekwa kambi za Niassa, kaskazini mwa Msumbiji. Hawakuonekana tena wakiwa huru. Waliuawa kwa siri, bila kesi. Serikali haikuwahi kuzionyesha familia makaburi yao. Mke wa Simango, bibi Celina, naye aliuawa baadaye, na hakuna tangazo la serikali linalotaja siku wala mahali. Mashirika ya nje, Amnesty International likiwa mojawapo, yaliuliza habari za wafungwa hawa kwa miaka, na jibu lililonyooka halikuja.

Watoto wa Simango walikua bila baba na bila mama. Mmoja wao, Daviz, alikuja kuwa meya wa mji wa Beira mpaka alipofariki mwaka 2021. Unaweza kuongoza mji mzima na usijue pa kwenda kumwombea mzazi wako.

Najua utasema: "Lakini Sheikh, wale walikuwa wasaliti." Ni swali la haki, tulitazame.

Nkavandame kweli alijisalimisha kwa Wareno mwaka 1969 vita vikiwa vimepamba moto. Hilo ni kosa zito katika vita, sitalipunguza. Lakini ndiyo maana kuna hukumu. Katika Suratul Maidah aya ya 8 Allah anatukataza chuki yetu kwa watu isitutoe kwenye uadilifu. Hakutukataza kuwa na uchungu. Ametukataza kuugeuza uchungu kuwa hakimu.

Utasema tena: "Lakini Simango alikiri mwenyewe."

Mkumbuke Ammar bin Yasir (R.A). Makureshi walimtesa, mama yake Sumayya wakamuua, mpaka ulimi wake ukatamka waliyotaka. Alikwenda kwa Mtume akilia. Mtume akamuuliza moyo wake aliuonaje. Akasema umetulia kwenye imani. Mtume hakumhukumu kwa maneno yale, na Suratun Nahl aya ya 106 ikamtoa katika lawama aliyelazimishwa. Kwa hiyo wanazuoni wetu wakaweka sharti katika milango ya hukumu: anayekiri awe na hiari yake. Maneno ya mtu aliyezungukwa na bunduki si ushahidi wa kosa lake. Ni ushahidi wa bunduki.

Na usiniambie Simango alikuwa mchungaji wa Kikristo, hatuhusu. Mtume (S.A.W) ametuonya tuiogope dua ya aliyedhulumiwa hata kama si Muislamu, kwa kuwa baina yake na Allah hakuna pazia.

Sasa nikuonyeshe tofauti anayoileta mtu anayefuatilia. Mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya mambo ya Nachingwea, chama cha SWAPO cha Namibia kiligombana ndani kwa ndani. Andreas Shipanga na wenzake kumi walikamatwa Zambia. Shauri lao lilipofikishwa katika mahakama za Zambia, wakahamishiwa Tanzania wakawekwa magerezani bila kesi. Hii ilikuwa nchi yetu, na magereza yalikuwa yetu. Lakini safari hii majina yao yalikuwa yameshaandikwa. Familia zilipiga kelele, mawakili waliuliza, barua zilitumwa kutoka nchi nyingi. Mwaka 1978 waliachiwa wakiwa hai, na Shipanga aliishi mpaka mwaka 2012. Sisemi kelele peke yake ndiyo iliyowatoa, siasa za wakati ule zilikuwa na mkono wake. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye jina lake linaulizwa kila wiki ni vigumu kupotea kimya kimya.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu la swali lako ni hili. Kufuatilia dhulma si kwa Wazungu. Ni amana. Na mtihani wake hauko pale dhalimu anapokuwa adui yako, maana hapo kila mtu ni mtetezi wa haki. Mtihani uko pale dhalimu anapokuwa ndugu yako, chama chako, kiongozi unayempenda, shujaa aliyekula ugali nyumbani kwa baba yako. Suratun Nisaa aya ya 135 inatuamuru tusimame kwa uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Wiriyamu tulikuwa mashahidi wazuri. Nachingwea, kwenye ua wetu wenyewe, tulinyamaza.

Na matokeo yake tunayaona. Septemba 2022 waziri mkuu wa Ureno, António Costa, alikwenda Maputo akaomba radhi kwa mauaji ya Wiriyamu. Imechukua karibu miaka 50, lakini alikuwa na cha kuombea radhi, kwa sababu mtu aliandika majina. Familia ya Simango mpaka leo haina hata kaburi.

Sasa tufanye nini? Nakupa mambo matatu.

La kwanza, thibitisha. Maulamaa wa hadithi walitufundisha kazi hii kabla hayajakuwepo mashirika yoyote. Waliuliza: nani kakwambia? Alikuwepo au alisikia? Ni mkweli? Nani mwingine anashuhudia? Mfuatiliaji mzuri wa haki anauliza maswali hayo hayo. Kusambaza sauti ya WhatsApp usiyoijua ilikotoka si ushahidi. Huo ni uvumi, na uvumi unamsaidia dhalimu, kwani ukipatikana uongo mmoja atasema yote ni uongo.

La pili, andika. Mtu wako akikamatwa, akipigwa au akipotea, andika jina lake kamili, siku, saa, mahali, na waliokuwepo. Andika siku ile ile. Allah ametuamuru kuandika deni la fedha katika Suratul Baqara aya ya 282. Je, damu na uhuru wa mtu ni vidogo kuliko deni?

La tatu, peleka panapostahili. Nchi yetu ina Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001, na ina ofisi Lindi, siyo Dodoma peke yake. Mlalamikaji yeyote anaweza kwenda. Usikae na dhulma moyoni mpaka igeuke kisasi.

Na wewe mzee wangu uliyekuwa mtu mzima Nachingwea mwaka 1975, kama kuna ulichokiona kwa macho yako, usiondoke nacho. Mwambie mjukuu wako akiandike. Hatutafuti kumvunjia mtu heshima wala kuufuta ukombozi, uhuru wa Msumbiji ni haki na tunaushukuru. Tunataka ukweli ukamilike. Katika Suratul Baqara aya ya 283 Allah ametuambia kwamba anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe mashahidi wa haki, kwetu na dhidi yetu. Wafariji wote wasiojua makaburi ya wazazi wao. Tulindie nchi yetu na majirani zetu. Aamin.

Wallahu a'alam.

Ukiona nimekosea tarehe au jina, nirekebishe kwa ushahidi, nitashukuru.