Swali la Wajapani Juu ya Wazee Wao

Padre Francis Xavier, Mjesuiti aliyetua Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, aliwasili Japani mwaka 1549. Waongofu wake walimwuliza hali ya wazee wao waliokufa pasipo kuisikia Injili. Akajibu kwamba wamo motoni, wala sala haziwafai kitu. Walilia sana, naye, katika waraka wake wa 1552, akiri kuwa machozi yao yalimhuzunisha. Lakini padre huyo huyo aliwafundisha kuwa sheria ya Mungu imeandikwa mioyoni mwa watu wote, hata asiyefundishwa na mtu. Majibu hayo mawili, kwa maoni yetu, hayapatani. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1964, ulilielekea la pili: asiyeijua Injili pasipo kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, aweza kuokoka.